Sauti ya Kuazima

Lifti namba tatu ya lile jengo la mikutano ilikuwa na tabia za mtoto aliyedekezwa: ikijaa watu, inagoma. Asubuhi hiyo ilibeba watu kumi na wanne, kumi na mmoja wao wageni wenye beji shingoni, na ilipofika kati ya ghorofa ya sita na ya saba ikatikisika, ikakohoa, ikasimama. Taa zikafifia. Mgeni mmoja akasema jambo kwa lugha yao, mwingine akamjibu kwa sauti ya juu zaidi, na hofu ikaanza kupita kutoka bega hadi bega.

Kwenye kona alibanwa dada mmoja mwenye gauni la kitani rangi ya zambarau, begi la mtu likimchoma mbavuni, kisigino cha kiatu chake cha kushoto kimebaki kwenye ufa wa mlango. Alikuwa mkalimani. Saa yake ya mkononi ilimwambia kwamba baada ya dakika kumi na mbili anatakiwa awe kibandani, kipaza sauti mbele yake. Alikuwa hajawahi kuchelewa kazini.

Kispika kidogo juu ya vitufe kikakwaruza.

"Habari za humo ndani. Mimi ni fundi. Lifti hii haianguki, hata ikitaka haiwezi. Naomba msiguse mlango. Nakuja."

Wageni wakatazamana. Dada wa kona, bila hata kujishauri, akafungua kinywa akayasema yote kwa lugha yao, kwa utulivu uleule: mimi ni fundi, msiguse mlango, nakuja. Ndivyo kazi yake ilivyo. Mkalimani hasemi "anasema kwamba". Huivaa nafsi ya msemaji kama koti. Mkubwa akisema mimi, naye husema mimi; tapeli akisema mimi, vilevile.

"Nani huyo anayesema nyuma yangu?" kispika kikauliza.

"Natafsiri. Endelea."

"Umewaambia mimi ni fundi hodari?"

"Hukusema hivyo. Mimi siongezi chumvi."

Kispika kikakwaruza tena, kisha kikasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Mimi ni fundi hodari." Ikambidi atafsiri. Lifti nzima ikacheka, na hata yule mama aliyekuwa amefumba macho akayafumbua.

Mlango ulipopanuliwa, kilichoonekana kwanza ni kichwa cha kijana kwenye usawa wa magoti yao, penseli nyuma ya sikio, shati la kazi la bluu lililopauka mabegani. Akawashusha mmoja mmoja. Zamu ya yule dada ilipofika akamshika mkono, akamtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Wewe ndiye mimi?" akamuuliza.

"Nimechelewa," akajibu yule dada, akakimbia akichechemea.

Saa nane alipotoka alimkuta yule fundi amesimama karibu na kaunta ya mapokezi, mkononi ana kisigino kilichofungwa kwenye karatasi na kichupa cha gundi. Alikuwa amengoja tangu saa sita.

"Kaa hapo, Sauti," akasema. "Hiki nakijua kukitengeneza kuliko lifti."

Jina likamganda tangu siku hiyo. Naye akamwita Fundi Hodari, halafu Fundi tu, halafu, wakiwa wawili, majina mengine ambayo hayawahusu watu wa kaunta.

*

Miezi mitatu haikuwatosha. Walipigiana simu asubuhi kuulizana kama wameamka, na mchana kuulizana kama wamekula. Fundi alimpeleka kwa dada yake, mshonaji, ambaye kila mtu mtaani alimwita Dada, hata wazee. Dada alimlea Fundi tangu akiwa na miaka saba, kwa cherehani moja. Sasa kifua chake kilikuwa kibovu. Alikuwa akishona dakika ishirini, anapumzika kumi, mkono juu ya gurudumu la cherehani kama anayesubiri ruhusa.

Dawa ya kifua kile ilikuwepo. Kampuni moja tu duniani ilikuwa na haki ya kuitengeneza, na nchi nyingine zote zilizokuwa na viwanda, wataalamu na wagonjwa zilikatazwa hata kujaribu. Dada alimeza nusu kidonge kwa siku badala ya kizima. Ndiyo maana Dada na wenzake, mafundi, wauguzi, walimu, madereva, walikuwa wameanzisha tawi la vuguvugu lililokuwa na watu katika miji mingi ya dunia, wote wakidai jambo moja: dawa itengenezwe na kila anayeweza.

Walikutana Jumamosi kwenye ukumbi wa shule. Sauti alipokwenda mara ya kwanza alishangaa ukimya. Watu mia mbili na hakuna anayepiga makofi. Aliyekubali aliinua mikono na kuchezesha vidole hewani. Aliyepinga kabisa alikunja mikono miwili msalaba juu ya kichwa, na hapo kila kitu kilisimama.

"Mtu mmoja tu?" Sauti alimnong'oneza Fundi.

"Mmoja anatosha. Na siku hiyo haulizwi kwa nini. Anaulizwa kesho yake."

"Mbona mtafungwa mikono na kila mkorofi?"

"Kila mtu anayo nafasi moja tu ya kupinga hivyo, kwa maisha yake yote humu. Dada mwenyewe hajaitumia. Anasema anayepinga mara nyingine ana sababu ambayo hajaipatia maneno, mpeni usiku mmoja aitafute."

Walipouliza nani mgeni anataka kujiunga, vidole vya Sauti vikacheza hewani kabla hajavishauri. Fundi alitabasamu mpaka waandamanaji wenzake wakaanza kumtania.

Kisha ukaja mkataba wa kazi. Mkutano mkuu wa biashara ya dawa ungefanyika mjini mwao, siku tano, na Sauti alipangwa kibandani. Alimwambia Fundi siku hiyohiyo. Fundi alikuwa amekwisha kuomba likizo ya wiki hiyo kwa ajili ya maandamano.

"Basi wewe ndani, mimi nje," Fundi akasema. "Tutaonana mlangoni. Na ukisikia la maana utaniambia."

"Sitakuambia. Nimeapa. Yanayosemwa kwenye kikao cha siri yanabaki kwenye kikao."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, roho yangu."

Fundi akacheka. Sauti hakucheka. Alijua kwamba hiyo wiki ingeweza kumpotezea mojawapo: kazi aliyoisomea miaka tisa, au mwanamume huyu aliyekaa amevua viatu kwenye zulia lake, anamenya chungwa.

*

Jumanne mchana milango ya ukumbi ilifungwa, waandishi wakatolewa. Kibandani walikuwa wawili kama kawaida: Sauti na Bi Peremende, mama wa miaka sitini aliyemfundisha kazi, ambaye hakukosa peremende ya mnanaa mdomoni kwa ajili ya koo. Walipokezana kila nusu saa, kwa sababu baada ya nusu saa kichwa cha mkalimani huanza kuchemka.

Zamu ilikuwa ya Sauti wakati mkuu wa usalama aliposhika kipaza sauti. Alisema waheshimiwa wasiwe na shaka na maandamano ya Alhamisi. Sauti akafuata nyuma yake, neno kwa neno, kwa lugha ya wageni, kwa sauti laini:

"Nitawaacha waingie kwenye handaki la barabara, lile la chini ya reli. Wakishaingia wote nitafunga mbele na nyuma. Moshi wa kutosha, na malori ya kutosha. Saa sita mchana nitakuwa nimemaliza."

Mimi nitafunga. Mimi nitakuwa nimemaliza. Aliyasema kwa kinywa chake, na mikono yake juu ya meza ilikuwa imelala kama ya mtu mwingine. Akamwona Dada ndani ya handaki, kifua kile, moshi ule.

Jioni simu ikalia.

"Sauti wangu. Mbona umepoa?"

"Nimechoka tu. Unafanya nini?"

"Napaka rangi mabango. Nina rangi mpaka kwenye nyusi. Halafu nikuambie, tumepata kibali cha njia tuliyoomba. Tunapita handakini. Unajua sauti inavyorudi mle? Tukiwa elfu tutasikika elfu kumi."

Sauti akakaa kitandani. "Kwa nini msipite juu, barabara ya sokoni?"

"Juu kuna jua. Dada ndiye aliyechagua handaki, kuna kivuli."

"Basi wewe usikae mbele."

"Mimi ndiye kiongozi wa msafara, mpenzi. Nitakaa wapi, jikoni? Umeanza kuniogopea?"

"Nilianza zamani."

"Lala mapema. Sauti yako imekauka."

Alikata simu akabaki ameishika. Maneno mawili tu yalihitajika, msipite handakini, na alikuwa ameyauma kwa meno mpaka taya likamuuma. Hakula.

Asubuhi, kwenye korido, alimkuta Bi Peremende akinywa maji.

"Tufanye nini?" akamuuliza.

"Tunyamaze."

"Kutakuwa na watu wagonjwa mle handakini, Bi."

"Nami nilikuwepo, mwanangu, nimeyasikia. Miaka ishirini na minane nasikia. Leo utatoa siri ya kumwokoa mtu, kesho mwingine atatoa ya kumwangamiza mtu, naye ataona yuko sawa. Kinywa kikishajua njia hakichagui. Nilishawahi kusema mimi kwa niaba ya mtu aliyewahamisha wazazi wangu kwenye nyumba yao. Nikasema vizuri, nikarudi nyumbani, nikapakua chakula."

"Ukala?"

Bi Peremende akafungua peremende. "Sikumaliza," akasema.

*

Jumatano kikao kilikuwa cha wazi na kilirushwa moja kwa moja kwenye runinga. Mwakilishi wa kampuni ya dawa, mtu mtanashati mwenye tai ya kijivu, alisimama. Watazamaji wa mjini hawakumsikia yeye. Walimsikia Sauti.

"Mimi nimeona wagonjwa wengi maishani mwangu. Wale wanaotutisha kwa maandamano si wagonjwa, ni waigizaji. Mgonjwa wa kweli hana pumzi ya kupiga kelele."

Kwenye karakana ya Dada runinga ilikuwa imewashwa. Watu kumi na tano walikuwa wakishona vitambaa vya mikononi. Cherehani zote zikasimama.

Fundi alipiga simu saa saba. Sauti aliipokea ngazini, mgongo ukutani.

"Nimekusikia," Fundi akasema.

"Fundi, nisikilize."

"Ndiyo nasema nimekusikiliza. Mimi nimeona wagonjwa wengi. Wewe umeona mgonjwa gani? Umemwona Dada. Umekalia kiti chake. Amekupima gauni kwa mikono yake, akakohoa, akakuomba radhi kwa kukohoa."

"Hayakuwa maneno yangu. Unajua."

"Kichwa kinajua. Masikio hayajui."

"Ulitaka nifanye nini? Ninyamaze?"

"Ungesita. Ungekwama hata kidogo. Lakini ulisema vizuri, Sauti. Ulisema vizuri kuliko yeye mwenyewe, na hapo ndipo panaponiuma. Watu wananiuliza huyo si yule mchumba wako, nami nawaambia nini?"

"Waambie ni kazi."

"Hata yule wa tai ni kazi."

Kengele ya kikao ikalia juu yake. Sauti akaona muda unamkimbia. "Kesho," akaanza.

"Kesho nini?"

Maneno yakafika kwenye ulimi yakasimama. "Kesho jihadhari."

"Ahsante, mheshimiwa," Fundi akasema, akakata.

Alimpigia tena saa kumi, haikupokelewa. Saa kumi na moja simu ilikuwa imezimwa. Alitembea sebuleni kwake kutoka dirishani hadi mlangoni, akihesabu: kama angesema, asingekuwa mkalimani tena. Kama asingesema, Fundi angeingia handakini akiwa anamchukia, na huenda hilo ndilo lingekuwa jambo la mwisho baina yao. Alijaribu kulia ili apate nafuu, machozi yakagoma.

*

Alhamisi, saa tano kasoro kumi, zamu yake kibandani ikaisha. Alivua hedifoni. Kutoka jengoni hadi mdomo wa handaki ni dakika nane kwa mwendo wa haraka. Kwenda nane, kurudi nane, zabaki kumi na nne.

"Natoka kidogo, Bi."

Bi Peremende alikuwa tayari anatafsiri, hakuweza kujibu. Alimtazama mpaka mlango ukafungwa.

Sauti alikimbia na gauni lake la zambarau, beji ikimpiga kifuani, kile kisigino cha gundi kikishika imara. Alipofika, handaki lilikuwa tupu. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hata wauza maji waliozoea kukaa kwenye kivuli chake hawakuwepo. Na kutoka juu ya barabara akawasikia wakija.

Fundi alikuwa mbele, na alikuwa anatembea kinyumenyume, kama afanyavyo kiongozi wa msafara, uso kwa watu wake, kizibao cha njano mwilini, akipandisha na kushusha mikono kuongoza wimbo. Kwa hiyo yeye hakumwona. Waliomwona ni wa safu ya kwanza. Wimbo ukafifia kuanzia mbele kwenda nyuma, na Fundi, kuona nyuso zimebadilika, akageuka.

Katikati ya mdomo wa handaki alisimama Sauti, mikono yake miwili imekunjwa msalaba juu ya kichwa.

"Ondoka njiani," Fundi akasema taratibu.

Sauti akaikaza mikono.

"Umetumwa?"

"Ndiye yule wa runinga," mtu akasema nyuma. "Huyo anasema sisi waigizaji."

"Mtoeni hapo," mwingine akasema, na wengi wakaunga mkono. Mikono ya Sauti ilianza kumlemea. Ukiwa umeishika juu, mikono huwa mizito haraka, na yeye alikuwa mtu wa kinywa, hakuzoea kusema kwa mabega.

Dada akapenya watu, anatembelea fimbo, kitambaa kimeufunika mdomo. Akasimama mbele ya Sauti, akavuta pumzi kwanza.

"Unajua unayo moja tu?"

Sauti akatikisa kichwa kukubali.

"Na ndiyo hii?"

Akakubali tena. Machozi yaliyogoma jana yakaja sasa, wala hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Dada aliitazama beji. Akautazama uso. Kisha akatazama nyuma yake, ndani ya handaki, na akatazama kwa muda mrefu pale ambapo wauza maji hawakuwepo.

"Kanuni ni kanuni," akawageukia watu, kwa sauti ndogo ambayo ililazimika kurudiwa safu kwa safu hadi nyuma. "Amepinga. Haulizwi leo. Tunapita juu, sokoni."

Kulikuwa na minong'ono, na bango moja lilitupwa chini. Lakini vuguvugu lile lilikuwa limejengwa juu ya ile kanuni, na Dada ndiye aliyeshika nguzo. Watu elfu na zaidi wakakunja kona, juani. Safu ya mwisho ilipokuwa inageuka, upande wa pili wa handaki injini zikanguruma, moja, mbili, nyingi, za malori yaliyochoka kungoja.

Fundi alikuwa bado amesimama. Alizisikia. Akamtazama Sauti, na rangi yote ikamtoka usoni.

Sauti alishusha mikono, akaangalia saa, akakimbia. Alikuwa amechelewa dakika ishirini. Bi Peremende alikuwa ametafsiri peke yake dakika hamsini, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika kama redio mbovu. Walibadilishana viti haraka. Bi Peremende alisema mchana, wakiwa peke yao.

"Watu wa usalama waliogopa kufyatua chochote sokoni, mbele ya watu na kamera. Nimesikia waandamanaji wapo mlangoni hapa, wamekaa chini, na mwenyekiti amekubali msemaji wao mmoja aingie kesho. Dakika tatu."

"Sikusema neno, Bi. Hata moja."

"Usijidanganye, mwanangu. Umesema."

"Najua," Sauti akajibu. Alikuwa amekwisha kuiandika barua kwa chama cha wakalimani, mistari sita, ya kujishtaki mwenyewe. Ilikuwa kwenye mkoba. Bi Peremende aliisoma, akaikunja, akamrudishia pamoja na peremende moja.

*

Ijumaa, siku ya mwisho, Sauti alitarajia kumwona Dada akiingia. Aliingia Fundi. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka likasimama, na penseli alikuwa ameisahau nyuma ya sikio. Akaenda kwenye meza ya wasemaji, akaweka karatasi, akatazama pande zote kama anayekagua mahali pa hatari. Kibanda kilikuwa juu, nyuma ya kioo. Zamu ilikuwa ya Sauti. Bi Peremende alinyoosha mkono kuonyesha kwamba yuko tayari kuichukua. Sauti akakataa.

Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka.

"Mimi," Fundi akasoma, "ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu."

Sauti akatafsiri. Ukumbini wajumbe wakashika hedifoni zao, wengine wakageuka kutazama kibanda, wakidhani mkalimani amekosea.

"Nashona nguo. Nilimlea mdogo wangu kwa cherehani. Asubuhi nameza nusu kidonge, ili nusu nyingine niimeze kesho. Najua kukata kitambaa kidogo kikatosha watu wawili, lakini mapafu hayakatiki hivyo."

Fundi alikuwa anasoma vibaya, kama mtu asiyezoea karatasi, na vizuri sana. Hakusema dada yangu anasema. Alisema mimi. Sauti alimfuata, mimi juu ya mimi, koti juu ya koti, na ndani kabisa akamwona Dada, mkono juu ya gurudumu.

"Juzi mliambiwa humu kwamba mgonjwa wa kweli hana pumzi ya kupiga kelele. Ni kweli. Mimi sina. Ndiyo maana nimeazima sauti ya mtu."

Hapo Sauti akakwama. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi, na sasa masikio ya wajumbe mia tatu yalibaki matupu. Ukimya ukawa mrefu kiasi kwamba Fundi, aliyeweka hedifoni sikio moja, aliinua macho kuelekea kioo. Kisha Sauti akaimalizia sentensi.

Dakika tatu zikaisha, taa nyekundu ikazima. Fundi hakukaa. Aliendelea kusema jambo, uso umeelekea juu, kibandani. Kibanda hakipitishi sauti. Sauti aliona midomo tu.

"Msemaji anaongea bila kipaza sauti," akawaambia wajumbe, kama ilivyo desturi ya kazi.

Fundi akamaliza. Akasimama mikono pembeni, akisubiri, kama wanavyosubiri Jumamosi kwenye ukumbi wa shule baada ya swali. Mwenyekiti alikuwa anamwonyesha kiti. Walinzi wawili walianza kumsogelea.

Nyuma ya kioo, Sauti akainua mikono miwili, na vidole vikacheza hewani.

*

Alimkuta karibu na lifti namba tatu. Watu walipita na masanduku yao ya magurudumu. Kura ya mkutano kuhusu haki ya kutengeneza dawa ilikuwa imeahirishwa hadi mwezi mwingine, katika mji mwingine, na wenzao wa huko walikuwa wameshaanza kupaka mabango.

Fundi akabonyeza kitufe cha lifti, kisha akaipa mgongo.

"Dada amenituma," Fundi akasema. "Leo ndiyo kesho. Kanuni inataka uulizwe kwa nini ulipinga."

Sauti akaushika mkoba kifuani. "Fundi, mimi hilo siwezi..."

"Kwa nini ulipinga?" Fundi akauliza, na papo hapo akaendelea, "Basi, nimeuliza. Nimeambiwa niulize, sikuambiwa nisubiri jibu. Dada anasema malori yameshajibu." Akatazama viatu vyake. "Na la Jumatano. Nilikutaka usite. Leo nimeshika karatasi ya Dada, nikajua kwamba ningesita nisingekuwa nimemtendea haki. Ulisema vizuri kwa sababu ndivyo ulivyo. Nisamehe."

"Leo nimesita."

"Nilisikia. Nilitamani nipande juu ya meza."

Sauti akacheka kidogo, kisha akamwonyesha barua. Fundi akaisoma mara mbili, midomo ikitembea. "Watakufuta?"

"Mwaka mmoja labda. Labda moja kwa moja. Nitaipeleka Jumatatu."

"Tutaipeleka," Fundi akasema, akaikunja taratibu kuliko inavyohitajika. "Sasa niambie, pale juu umekubali nini?"

"Sijui. Sikusikia hata neno."

"Hukusikia, ukakubali? Mbele ya mataifa yote yale?"

"Ulisema nini?"

Fundi akaitoa penseli nyuma ya sikio, akaitazama kama anayeshangaa imefikaje hapo, akairudisha. "Niliwaambia kuna mtu humu anasema mimi kwa niaba ya kila mtu, na wiki nzima sijamsikia akisema kwa niaba yake. Halafu nikauliza kama atakubali nimwoe. Nilidhani unanisikia. Ulipochezesha vidole nilipepesuka, mlinzi ndiye aliyenishika."

Mlango wa lifti ukafunguka nyuma yao, hakuna aliyeingia, ukajifunga.

"Uliza tena," Sauti akasema. "Safari hii hakuna kioo."

Akauliza. Mikono ya Sauti ikaanza kupanda yenyewe, akaishusha. Alitafuta sauti yake, ile ambayo hakuna aliyemlipa kuitoa, na ilipotoka ilikuwa ndogo na imekwaruza.

"Mimi," akasema, akasimama hapo kwanza, kwa sababu neno lenyewe lilimshangaza, "mimi nimekubali."